Jina la mhunzi limo ndani ya mpini

KAMPALA: Askari wa Keya kutoka Uganda walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944, hivyo upanga wa Kijapani ukiibuka mjini hapa si ajabu. Kazi ni kumjua mhunzi. Jina lake huchongwa kwenye msuka, ndani ya mpini. Kigingi cha mwanzi kikigongwa kikatoka, mpini huvuliwa. Kutu nyeusi ya hapo haiguswi, maana ndiyo inayotaja umri. Fundi wa Katwe akiisugua, ameifuta bei.

Jina nalo si hati: ya wahunzi mashuhuri yameghushiwa tangu kale. Maandishi yanayong'aa katikati ya kutu kuukuu yanatia shaka. Panga nyingi za maofisa wa vita vile zilitoka viwandani, zikapigwa muhuri mdogo kwenye msuka; hizo haziuzwi bei ya upanga wa jadi.