Je, Wajua? Sangara Ana Kwao
Sangara, anayesifiwa Kisumu kama mwana wa nyumbani, ni mgeni katika Ziwa Victoria: alipandikizwa humo miaka ya 1950. Ziwa Turkana ndiko kwao tangu enzi. Mnofu wake mweupe unaochemka mafutani mjini Lodwar jioni hutoka ziwani pande za Kalokol, kilomita 60 hivi kutoka hapo, na bila barafu joto la huku halimhurumii samaki. Huliwa na spinachi iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya, ugali pembeni.

Na ukitamani mchuzi mzito mweupe wa kumwagia samaki huyo, kama ule wa jibini? Wafugaji wa Kiturkana wana edodo, maziwa yaliyoanikwa juani hadi yakawa unga. Ukiukoroga kwa maji moto unapata uji mzito mweupe. Kummwagia sangara uji huo? Mimi ningeonja kijiko kimoja kwanza.