Ila Iliyofichika Chini ya Bati

Gari la Porsche 911, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963 na ambalo liliendelea kuundwa kwa injini ipozwayo kwa hewa hadi mwaka 1998, halikuwa na rejeta wala maji ya kuzunguka injini katika miaka yote hiyo. Na kwa kuwa katika magari mengi ni maji hayo ya moto ndiyo yampayo dereva joto wakati wa baridi, mafundi wa Porsche mjini Stuttgart hawakuwa na budi kulitafuta joto mahali pengine. Wakalipata katika ekzosi.

Injini yenyewe ina silinda 6 zilizolala, tatu kila upande, na mabomba ya moshi yatokayo katika kila upande hufunikwa kwa bati, yakawa humo kama mkono ndani ya kanzu. Feni ile ile ipozayo injini husukuma sehemu ya upepo wake katika nafasi iliyoachwa baina ya bomba na bati, na upepo huo, ukiisha kupata moto, huongozwa hadi miguuni pa dereva. Moshi hupita ndani, hewa ya kuvutwa na abiria hupita nje, na baina ya viwili hivyo hapana kizuizi ila unene mdogo wa bomba.

Bomba hilo hasimu wake ni kutu. Katika nchi za baridi barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na fauka ya hayo petroli inapoungua huzaa maji ambayo, safari ikiwa fupi, hubaki ndani ya ekzosi yakiitafuna polepole. Bomba likitoboka, upepo uendao kwa dereva huchanganyika na kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200; mtu huumwa na kichwa, akasinzia, na huenda asiamke.

Basi vipasha joto hivi, yaani mabomba pamoja na bati lake, vikiwa ghali vinapokuwa vipya, biashara ya vilivyotumika na kutengenezwa imestawi, wala si biashara ya haramu. Fundi hodari hulipasua bati, akaiondoa sehemu iliyoliwa, akachomelea bomba zima mahali pake, akalifunga bati, kisha akalipaka rangi ya fedha istahimiliyo moto. Walakini rangi hiyo hiyo, kwa bei ya kopo moja, humtosha pia mtu asiyetengeneza chochote, na mushtarii aliyesimama nje hana njia ya kuwapambanua wawili hao.

Kwa hiyo muuzaji mwaminifu hupiga picha kabla bati halijafungwa, akabainisha ni bomba lipi lililotiwa kiraka na ni chuma gani kilichotumika. Huziba ncha zote za njia ya moshi isipokuwa moja, akatia hewa kwa shinikizo dogo na kukizamisha chombo majini, akitazama kama povu litatoka. Huweka rula ya chuma juu ya nyuso zinazokutana na injini, maana joto la kuchomelea huzipinda. Husema pia kama ni cha kulia au cha kushoto, na cha mwaka gani, kwa kuwa vya kabla ya 1975 hupitisha moshi kwa wepesi zaidi na hutafutwa sana.

Wako wasemao kwamba kitu kuukuu huuzwa kama kilivyo, na jukumu ni la mnunuzi. Katika kiti au taa kauli hiyo naikubali. Katika chombo kipelekacho hewa mapafuni mwa watu, kunyamaza ni ghashi. Na asiye na uwezo wa kukipima, basi na akiuze bati likiwa limepasuliwa: thamani itapungua sana, lakini kazi ya kuchomelea itamwangukia fundi wa mnunuzi, ambaye kutu yote ataiona kwa macho yake.