Bao, Shamba na Kijiwe cha Kahawa: Namna Askari Wastaafu Wanavyoutuliza Moyo

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuivamia ardhi ya Kagera iliyo kaskazini ya mto. Mapema Novemba Daraja la Kyaka lilivunjwa, na familia nyingi za maeneo haya zikakimbia zikiwa na watoto mgongoni. Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979, na mapigano yakamalizika mapema Juni. Askari wa JWTZ walipigana bega kwa bega na mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Baada ya vita wengi wao walirejea kwenye migomba na mibuni. Ndio wazee tunaoishi nao leo katika kata zetu, pamoja na wadogo zao waliolinda amani Darfur na Kongo.

Bunduki hunyamaza, lakini mwili hauambiwi kwamba vita imekwisha. Mtu aliyeishi miezi mingi akitegea mlio wa kombora huweza kubaki na tahadhari hiyo kwa miaka. Hushtuka mlango unapobamizwa, hukosa usingizi, huota ndoto za kutisha au hukasirika kwa jambo dogo. Hali hiyo si woga, wala si kurogwa. Wataalamu wa Marekani waliiingiza katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980, yaani mwaka mmoja baada ya Vita ya Kagera. Kwa hiyo wapiganaji wetu walirudi nyumbani na jambo ambalo hata vitabu vya tiba vilikuwa bado havijalipa jina linalotumika leo. Walilazimika kujitafutia njia za kulituliza, na baadhi ya njia hizo zina manufaa ya kweli.

Bao na kahawa

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hana budi kuhesabu, kukumbuka na kutabiri hatua ya mwenzake huku mikono ikisambaza kete. Akili iliyoshughulishwa hivyo hupata nafasi ndogo ya kurudia picha za zamani. Zaidi ya hayo, bao halichezwi na mtu mmoja. Wazee wanapokaa chini ya mti, wakitafuna kahawa na kutaniana, hupata mahali ambapo aliyepigana hahitaji kujieleza kwa aliyepigana. Akitaka kusimulia, husikilizwa. Akitaka kunyamaza, hakuna anayemuuliza sababu.

Shamba na matembezi

Kupalilia, kupunguzia migomba, kuchunga ng'ombe au kufuga nyuki huipa siku mpangilio, na mpangilio ni jambo ambalo askari amezoea tangu kambini. Kazi ya mwili huchangia usingizi mzuri usiku, na matembezi ya asubuhi hufanya vivyo hivyo kwa wale ambao nguvu za jembe zimepungua. Lipo pia faraja katika kuona kilichopandwa na mkono wa mtu kikikua.

Ibada na kwaya

Anayeimba hulazimika kutoa pumzi polepole na kwa muda mrefu, na pumzi ya namna hiyo huyapunguza mapigo ya moyo. Dua, sala na dhikri hutuliza kwa njia inayokaribiana na hiyo. Aidha, ibada humpa mstaafu nafasi ya kuwakumbuka wenzake waliobaki vitani, kama taifa linavyofanya kila Julai 25, Siku ya Mashujaa.

Njia inayodanganya

Wapo wanaokimbilia rubisi au gongo ili walale. Pombe huleta usingizi haraka, lakini huuvuruga usiku wa manane, na ndoto mbaya hurudi. Kiasi huongezeka, ugomvi huingia nyumbani, na tatizo moja huwa mawili.

Wajibu wa familia

Usimwamshe kwa kumshika ghafla. Simama mbali kidogo na umwite kwa jina. Mjulishe mapema ikiwa kutakuwa na fataki au milio mikubwa jirani. Usimlazimishe kusimulia vita mbele ya wageni, wala usimkatize anapoanza mwenyewe. Watoto nao waelezwe kwamba babu hawachukii. Masikio yake tu hushtuka upesi.

Wakati wa kwenda kwa mtaalamu

Njia hizi ni msaada, lakini si badala ya tiba. Mstaafu apelekwe zahanati au kituo cha afya endapo halali kwa wiki kadhaa, amejitenga na watu, amezidisha pombe au anatishia wengine. Akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake, silaha na sumu za shambani ziondolewe karibu naye, na apelekwe siku hiyohiyo. Mtoa huduma akiona haja, atatoa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi. Waliofikisha miaka 60 waulizie dirisha la wazee. Familia isiyojua pa kuanzia imwone Afisa Ustawi wa Jamii au ifike ofisi ya Mtendaji wa Kata.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70 au amevuka hapo. Wazee hawa wanapungua, na kila anapozikwa mmoja, kuna mwingine anayebaki na bao lisilo na wa kucheza naye. Huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kwa hiyo, ndugu mwananchi, ukiona kiti cha mzee kimekuwa kitupu kijiweni kwa siku mbili tatu, usisubiri taarifa. Piga hodi kwake, na ikiwezekana nenda na kete zako.