Kiwavi wa mahindi na kipimo cha tegu wa ubongo

Kila tukigusia kifafa katika safu hii, maswali kutoka Mbulu na Hanang huja yakifanana. Kuna wanaouliza: nimeambiwa nina minyoo kichwani na nguruwe sijawahi kuonja, imekuwaje? Na siku hizi wapo wanaotaka kujua kama ni kweli kipimo cha damu cha ugonjwa huo hutengenezwa kwa virusi vya wadudu, na kama virusi hivyo haviwezi kumwingia anayepimwa.

Tuanze na nguruwe, maana hapa watu wamekosea kwa miaka mingi. Ukila kitimoto chenye vifuko vya tegu ambacho hakijaiva, unachopata ni mnyoo tumboni. Vifuko vya kwenye ubongo, ambavyo ndivyo huleta kifafa, hutokana na mayai ya mnyoo huo, ambayo hutoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu, kisha yakaingia mdomoni mwa mwingine kwa mikono, maji au mboga mbichi. Kwa hiyo Mwislamu au Msabato anayeishi jirani na mwenye tegu asiye na choo hajasalimika kwa kutokula nguruwe.

Na Mbulu tegu yupo. Mwaka 2004 Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichapisha matokeo ya kukagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya hiyo: asilimia 17.4 walikuwa na vifuko. Miaka mitano baadaye yakatoka matokeo ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Kati ya wagonjwa wa kifafa 212 waliopigwa picha ya CT, 38 walikuwa na alama zinazoashiria tegu wa ubongo.

Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya tegu. Ili kuzinasa unahitaji protini ya tegu mwenyewe, na kwa muda mrefu protini hiyo ilipatikana kwa kuchambua vifuko kutoka kwenye nyama ya nguruwe wagonjwa. Ukikosa nguruwe, hakuna kipimo. Mwaka 2006 watafiti wa CDC ya Marekani wakaonyesha njia nyingine: walichukua kipande cha jeni ya protini iitwayo T24 na kuiachia seli ya mdudu kazi ya kuitengeneza.

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu jambo hili linanipendeza mno. Kinachobeba jeni hiyo hadi ndani ya seli ni bakulovirusi, virusi vinavyoua viwavi. Porini, kirusi hiki kina shida moja: kiwavi akishakufa na kuyeyuka juu ya jani, virusi vinabaki juani. Basi mwishoni mwa maambukizi huilazimisha seli kuzalisha protini iitwayo polihedrini kwa wingi usio wa kawaida, nayo hujifunga kuwa vijiwe vinavyovikinga virusi hadi kiwavi mwingine aje kulitafuna jani hilo. Ndani ya chupa ya maabara hakuna jua wala jani, kwa hiyo polihedrini haina kazi. Watafiti wakaiondoa jeni yake na kuweka ya tegu palepale, wakiacha swichi ileile ya kuwasha uzalishaji. Kirusi hakijui tofauti. Kinaiamuru seli kwa nguvu zilezile, ila sasa kinachomwagika ni protini ya tegu. Seli huvimba, huchoka, na ndani ya siku tatu hivi, kwenye joto la nyuzi 27, mavuno huwa tayari kabla hazijapasuka zote. Bakteria wangeifanya kazi hiyo kwa bei nafuu, lakini protini ya namna hii ina vifungo vinavyopaswa kukunjwa sawasawa, na bakteria mara nyingi huiharibu. Isipokunjwa vizuri, kingamwili haziitambui.

Seli maarufu zaidi kwa kazi hii, Sf9, asili yake ni ovari za kiwavijeshi vamizi, yuleyule aliyeingia nchini mwaka 2017 na kuvamia mahindi. Mkulima wa Katesh anayemlaani kila msimu ana haki ya kucheka.

Kuhusu hofu ya virusi: bakulovirusi haviwezi kuzaliana ndani ya mwili wa binadamu, na kwenye kipimo hakuna kirusi kinachoingizwa mwilini. Ni protini iliyosafishwa, inayokutana na tone la damu yako nje ya mwili. Wanaosambaza kwamba kipimo kinaleta kifafa ndio haohao wanaouza chupa za "kuua wadudu wa kichwa", na hawa sina subira nao. Vifuko vikifa ghafla bila usimamizi wa daktari, ubongo huvimba na mgonjwa anaweza kupoteza maisha. Wala kifafa hakiambukizwi na mapovu. Kwa imani hiyo watu wameachwa waungue motoni huku ndugu wakitazama.

Kipimo hiki kina mipaka: kinakamata vizuri vifuko vilivyo hai, lakini vilivyokufa zamani kinaweza kuvikosa, na kingamwili peke yake haithibitishi kwamba tegu yuko ubongoni. Picha ya CT bado inahitajika. Pika nyama iive hadi ndani, funga nguruwe, tumia choo, nawa mikono. Na kama una kifafa na unakwenda kumeza dawa ya kichocho, prazikwanteli, mwambie mhudumu kwanza, kwa sababu dawa hiyohiyo huua vifuko vya tegu.