Pikipiki yako inachemka ukipanda Kyondo? Anza na matope kwenye injini

Ukiacha barabara kuu ya kwenda Bwera na kupanda Kyondo, injini hupata kazi ngumu: mlima, matope, abiria na pengine gunia la kahawa. Injini ikichemka hadi pistoni ikwame, mgonjwa uliyembeba anabaki njiani, na wewe unakaa bila kazi huku deni la pikipiki likiendelea. Mara nyingi unaweza kuzuia hali hii kwa brashi, sabuni na maji kidogo.

Je, pikipiki yangu ina rejeta?

Boda boda nyingi, kama Bajaj Boxer na TVS, hazina rejeta. Hupozwa na upepo. Tazama silinda: imezungukwa na vipande vyembamba vya chuma, vimepangana kama kurasa za kitabu. Hayo ni mapezi ya injini. Joto hutoka ndani ya silinda, hufika kwenye mapezi, kisha upepo hulichukua. Matope yakijaa katikati yake, upepo haupiti. Ni sawa na kuivalisha injini blanketi.

Vumbi likishikana na oili inayovuja huleta shida hiyo hiyo. Kwa hiyo hata wewe unayeendesha kwenye makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja au Kyaka II, kagua wakati wa kiangazi.

Nisafishe vipi?

1. Zima injini na usubiri ipoe kabisa. Usimwagie maji baridi injini ya moto, kwa maana chuma kinaweza kupasuka.
2. Toa matope makavu katikati ya mapezi kwa kijiti cha mti. Usitumie bisibisi, inaweza kuvunja mapezi.
3. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, kisha suuza kwa maji kidogo. Maji yasiingie kwenye plagi, kabureta wala ekzosi.
4. Ukiona oili inarudi mahali pale pale, mpelekee fundi atafute inapovuja.
5. Pima oili pikipiki ikiwa imesimama wima. Oili pia hupoza injini. Ikipungua, joto hupanda.

Wakati wa mvua, safisha kila jioni baada ya kazi. Kipande cha mpira kilichofungwa chini ya madigadi ya mbele husaidia kuzuia matope. Usifunge mzigo mahali unapoziba upepo wa injini.

Na kama ina rejeta?

Baadhi ya pikipiki za magurudumu matatu za kubeba mizigo zina rejeta. Ni kisanduku bapa chenye wavu, na mipira ya maji imeunganishwa nacho.

Usifungue kamwe kifuniko chake injini ikiwa moto. Maji yanayochemka hutoka kwa nguvu na kukuunguza uso. Ikishapoa, osha wavu kwa maji yasiyo na nguvu, ukianzia upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari hukunja wavu.

Ndani ya rejeta tumia dawa maalumu ya kupozea. Dawa hiyo ni sumu na ina ladha tamu: iweke mbali na watoto na mifugo, na usiimwage chini.

Dalili za hatari njiani

Injini inapoteza nguvu mlimani, inagonga, au unasikia harufu ya kuungua. Simama kivulini, zima, mshushe abiria na usubiri angalau nusu saa. Ukianza tena, tumia gia ndogo. Kulazimisha gia kubwa mlimani huongeza joto.

Usioshee mtoni

Mto Nyamugasani hushuka kutoka milima ya Rwenzori hadi Ziwa Edward, na watu huchota maji mtoni. Oili na petroli unazoosha huishia kwenye jerikeni ya jirani yako. Chota maji, uoshee mbali na mto.

Kesho asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, inama uyatazame mapezi. Ukiona mwanga unapita katikati yake, upepo pia utapita.