Wasafiri Chini ya Utosi: Kweli au Uongo?

Ukimwogesha mtoto mchanga, mkono husita utosini. Mfupa bado haujafunga na ngozi inapwita taratibu. Ubongo ulio chini yake umezushiwa mengi.

“Mtoto huzaliwa kila seli ya ubongo imeshakaa mahali pake.” Uongo. Nyingi zimefika, ndiyo, lakini si zote. Mwaka 2011 kundi la mtafiti Arturo Alvarez-Buylla, kule San Francisco, lilionyesha niuroni (seli za neva) changa za watoto wachanga zikiwa bado njiani, zikitoka kwenye kuta za vyumba vya maji vya ubongo kuelekea mbele, kwenye kituo cha harufu na hata kwingineko. Mwaka 2016 likapatikana kundi kubwa zaidi la niuroni hizo, lililojipinda kama upinde, likielekea nyuma ya paji la uso. Hizo huhamia huko miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, na nyingi huwa seli za breki: kazi yake ni kuzituliza nyingine.

“Zinaelea tu, zinachukuliwa na maji.” Uongo, na hapa ndipo penye utamu. Niuroni changa hutambaa. Hunyoosha mkono mwembamba mbele, ukapapasa, ukashika. Kisha kiini hujivuta ghafla kuufuata, kikatulia, kikajivuta tena. Kwa panya hushikana foleni na kuparamiana migongoni, ndani ya handaki lililojengwa na seli walezi. Mwendo wa wasafiri hawa ni kama mikromita 30 kwa saa, yaani milimita moja huchukua zaidi ya siku nzima. Mbele yao konokono ni bodaboda. Na wakishafika, karibu nusu hufa bila kupata kazi.

“Safari hii huendelea hadi uzeeni.” Kwa panya, kweli. Mtafiti Joseph Altman aliyaeleza hayo miaka ya 1960, akapuuzwa miaka mingi. Kwa binadamu, msafara wa kwenda kwenye kituo cha harufu huwa umekauka karibu wote mtoto akifikisha miezi 18. Kwa hiyo anayekuuzia kidonge cha “kuamsha” seli zako zihame anakuuzia habari za panya. Ubishi uliobaki ni wa hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu: wapo wanasayansi wanaoona niuroni mpya humo kwa watu wazima, na wapo wanaotafuta wasizione. Hata zikiwepo, huko hazina safari ndefu. Huzaliwa na kuhamia chumba cha pili.