Sheria na Kijioteacho Uani

Mvua za masika zinapokolea katika kata ya Masaka, wilayani Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, ardhi haimngoji mkulima. Uyoga hufumuka penye samadi na magogo yaliyooza, na magugu hutanda katika viwanja vilivyochimbuliwa kwa ajili ya nyumba mpya. Hakuna aliyepanda wala aliyemwagilia maji. Hata hivyo, ipo mimea ya namna hiyo ambayo hulevya akili, na sheria huikataza. Basi huzuka swali ambalo askari aliye zamu na mama aliye jikoni wapaswa wote wawili kulijua jibu lake: je, mtu aweza kutiwa hatiani kwa kitu kilichoota chenyewe?

Swali hili si geni duniani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu vitu vinavyoathiri akili, uliofanywa mjini Vienna mwaka 1971, uliiweka silosibini, yaani kilevi kilichomo katika aina fulani za uyoga, katika jedwali la kwanza lenye masharti makali kuliko yote. Lakini mkataba ulikitaja kilevi. Haukuutaja uyoga wenyewe. Kwa hiyo kila serikali ilibidi ijiamulie. Uingereza iliupiga marufuku hata uyoga mbichi wa aina hiyo mwezi Julai 2005, na Uholanzi ikafuata mwezi Desemba 2008. Uingereza iliongeza masharti ya busara: mwenye shamba ambamo uyoga huo umejiotea hana kosa, wala hana kosa auchumaye ili auharibu au aukabidhi kwa wenye mamlaka. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sheria haiushitaki udongo. Huutazama mkono wa mtu na nia yake.

Nchini Rwanda, mmea wa kulevya ulio karibu zaidi na mlango wa nyumba si uyoga, bali ni rwiziringa, ambao Waswahili wa pwani huuita mranaha. Hutambulika kwa majani mapana yenye kingo za menomeno, ua jeupe au la zambarau mfano wa tarumbeta, na tunda la kijani lenye miiba, ambalo likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyeusi. Hupenda jalala, kando ya barabara na penye kifusi cha ujenzi.

Agizo la Waziri wa Afya la Machi 2019 liliutaja mmea huo katika orodha ya dawa za kulevya. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, katika kifungu cha 263, ilimwekea mtumiaji wa dawa hizo kifungo cha mwaka 1 hadi 2, au kazi za manufaa ya umma. Mwenye kupanda, kuhifadhi, kusafirisha, kugawa au kuuza aliwekewa adhabu kubwa zaidi kwa kadiri ya daraja la dawa, kuanzia miaka 7 gerezani hadi kifungo cha maisha. Yote hayo ni matendo ya mkono. Shina lililojiotea nyuma ya ukuta si sawa na mbegu zilizofungwa katika karatasi na kutiwa mfukoni, na polisi mwenye hekima huitambua tofauti hiyo kabla hajamkamata mtu.

Lakini sumu haina subira ya mahakama. Alaye rwiziringa hukaukwa kinywa, mboni za macho humpanuka, mwili huchemka, moyo hwenda mbio, naye huweweseka na kuona yasiyokuwapo, pengine kwa siku kadhaa. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, unga wa lishe wa msaada uliochafuliwa na sumu ya mmea huo uliwadhuru watu wapatao 300, na 5 kati yao wakafariki. Hawakuwa walevi, walikuwa watu waliokula uji.

Kwa hiyo yawapasa wazazi kuwaonyesha watoto tunda hilo na kuwakataza kulichezea. Mchumaji mboga achambue mchicha wake jani kwa jani, maana rwiziringa changa yaweza kuota katikati yake. Kadhalika, uyoga wa porini usiojulikana usiletwe jikoni, kwani kuchemsha hakuondoi kila sumu. Wala mtu asiweke majani ya rwiziringa ndani kwa kisingizio cha dawa ya pumu, kama ilivyokuwa desturi ya zamani mahali pengi.

Njia iliyo bora ni kuung'oa mmea kabla tunda halijakomaa, kwa maana mbegu zake hudumu ardhini miaka mingi. Mng'oaji avae glavu au anawe vizuri, aufukie shimoni, asiuchome moto, kwa kuwa moshi wake nao una sumu. Kazi hiyo yafaa iingizwe katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na ikiwa mtu amekwisha kula, asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na kipande cha mmea aliokula, au ipigwe simu namba 912 kuita gari la wagonjwa.

Familia ing'oayo shina hilo leo imeitii sheria kabla polisi hajabisha hodi, na imemlinda mtoto ambaye hajui bado maana ya sheria.